Nairobi hadi New York: maswali yenu kuhusu umbali na saa za ndege

Ndege ya moja kwa moja huchukua saa ngapi, na ni kilomita ngapi? (Msomaji, Thika)

Kwenda ni kama saa 15, kurudi ni kama 14. Umbali ni takriban kilomita 11,800. Kenya Airways ilianzisha safari hii tarehe 28 Oktoba 2018 kwa Boeing 787 Dreamliner. Kabla ya hapo wengi wetu tulibadilisha ndege Ulaya, Dubai au Addis Ababa.

Nimegawanya kilomita hizo kwa mwendo wa 900 kwa saa, nikapata saa 13. Hizo nyingine mbili zimeenda wapi? (Mwanafunzi, Eldoret)

Hesabu yako ni safi. Ulichosahau ni upepo. Kule juu, kama kilomita 10 kutoka ardhini, kuna mkondo wa upepo mkali unaovuka Atlantiki ya kaskazini kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda Marekani unaupiga kifua, ukirudi unakusukuma mgongoni. Ongeza na dakika za ndege kujikokota uwanjani kabla ya kuruka na baada ya kutua.

Kama shuleni kwenu kuna tufe la dunia, nyosha uzi kutoka Nairobi hadi New York. Utapita Uganda, Sudan Kusini, Sudan, Chad, Niger, Algeria na Morocco kabla ya kuingia baharini. Hiyo ndiyo njia fupi, ingawa marubani huikwepa kidogo kwa sababu ya hali ya hewa au usalama wa anga.

Shikamoo. Tiketi ya mama ya Januari imeandikwa Jumanne, 00:10. Nimpokee lini? (Kijana, New Jersey)

Marahaba, mwanangu. Kwanza hakikisha mama anaondoka nyumbani *Jumatatu* jioni. 00:10 ya Jumanne ni usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne, yaani saa sita na dakika kumi usiku. Nalisema hili kwa uchungu: shangazi yangu tulimpeleka uwanjani siku nzima baada ya ndege yake kuondoka, kwa kuwa sisi sote tulisoma "Jumanne" tukangoja usiku wa Jumanne. Alisimama pale kaunta ameshika sanduku lililofungwa kamba ya katani, hasemi neno.

Sasa hesabu yako. Januari New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8, kwa hiyo mama akiruka, kwenu ni saa kumi na dakika kumi jioni ya Jumatatu. Jumlisha saa 15: anatua Jumanne, kama saa moja na dakika kumi asubuhi. Uhamiaji na mizigo huchukua muda, basi usihangaike akichelewa kutoka. Kuanzia Machi hadi mwanzo wa Novemba tofauti huwa saa 7.

Kupitia Dubai ni mbali zaidi? (Mombasa)

Ndiyo. Nairobi–Dubai ni kama 3,550, Dubai–New York kama 11,000. Umeongeza zaidi ya kilomita 2,700, bila kuhesabu saa za kungoja. Kijana mwenye mfuko mwembamba aende huko. Mzee asiyejua Kiingereza, mtafutieni ya moja kwa moja mkiweza.

Miguu yangu huvimba. Nifanyeje? (Mama, Nakuru)

Nyanyuka utembee kwenye ujia, kunywa maji, chezesha vifundo ukiwa umekaa. Ukiwa na historia ya damu kuganda, muone daktari kabla ya kununua tiketi. Na vaa viatu vya kulegeza. Mama yangu alishuka JFK, uwanja wa ndege wa New York, kwa soksi, viatu vyake mkononi, kwa kuwa havikuingia tena.