Kupinga hataza ya MIMO Marekani: anza na tarehe, rundo la makala baadaye

Mkuu, narudia swali lako kwa kifupi ili wengine wafuate. Mnauza ruta za waifai Marekani, mmeshtakiwa Texas kwa hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) ya mawasiliano ya antena nyingi (MIMO), una ruta ya mwaka 2003 uliyoifungua mezani, na fundi wenu amekusanya makala 40 za zamani anazosema zina kitu kilekile. Unauliza kama zinatosha kuiangusha.

Arobaini ni nyingi mno. Mnahitaji mbili, pengine tatu, zenye tarehe isiyobishaniwa na zenye kile kipengele ambacho mkaguzi wa ofisi ya hataza alidhani hakipo popote.

Njia ya kawaida ni mapitio yanayoitwa IPR mbele ya PTAB, bodi ya majaji iliyo ndani ya ofisi ya hataza ya Marekani. Yalianza Septemba 2012. Hapo hoja ni mbili tu: dai (sentensi ya hataza inayotaja kinacholindwa) si jipya, au lingekuwa dhahiri kwa fundi wa kawaida wa fani hiyo. Ushahidi nao ni hataza au machapisho. Ruta ya mwaka 2003 uliyoifungua mezani haiingii. Hoja kwamba dai halieleweki au ni wazo tupu zinabaki mahakamani. Mna mwaka 1 tangu mlipokabidhiwa hati ya mashtaka. Ukipita, mlango umefungwa. Lakini msingoje hadi mwezi wa kumi na moja wa mwaka huo. Tangu uamuzi wa kesi ya Fintiv wa 2020, ofisi inaweza kukataa ombi zuri kwa sababu tu kesi ya mahakamani iko karibu kusikilizwa, na Texas kuna mahakama zinazokwenda mbio.

Kabla ya kusoma makala hata moja, tafuteni tarehe ya kipaumbele (siku ambayo uvumbuzi unahesabiwa kuwa uliwasilishwa), tena ya kila dai peke yake. Hataza za MIMO mara nyingi ni vitukuu: ombi la muda la miaka ya mwanzo ya 2000, ombi kamili baada yake, kisha mlolongo wa maombi ya mwendelezo hadi dai lililoandikwa miaka kumi baadaye likiwa limekatwa kwa kipimo cha kiwango cha waifai cha 802.11ac. Fungua lile ombi la kwanza kabisa na uulize: je, hiki kinachodaiwa leo kimeelezwa humu? Kama habari ya mpokeaji kumrudishia mtumaji hali ya chaneli (njia ya redio kati yao) iliongezwa kwenye ombi la tatu, dai hilo tarehe yake ni ya ombi la tatu. Hapo hata chapisho la mvumbuzi mwenyewe linaweza kumgeuka.

Hataza yenye kipaumbele cha kabla ya 16 Machi 2013 iko chini ya sheria ya zamani. Mvumbuzi anaweza kuleta madaftari ya maabara kuonyesha alivumbua kabla ya makala yenu kutoka. Ila makala iliyotangulia ombi lake kwa zaidi ya mwaka 1 haikwepeki kwa daftari lolote. Chagueni hizo kwanza.

Kisha someni jalada la uchunguzi, liko bure kwenye Patent Center, tovuti ya ofisi ya hataza. Tafuteni jibu la mwisho la mwombaji na sababu za mkaguzi kukubali. Karibu kila mara kuna maneno machache yaliyoongezwa ndipo hataza ikapita, kwa mfano “idadi ya mikondo ya data huchaguliwa kutokana na taarifa ya mpokeaji”. Hayo ndiyo mnayoyatafutia makala. Vipengele vingine, antena mbili, kisimbaji, kipokezi, vinapatikana kila kona. Na kama makala yenu mkaguzi aliisoma na kuijadili, ofisi inaweza kukataa kuirudia.

Sasa makala zenyewe. Watu hurusha makala ya Alamouti (1998) kwa kila hataza yenye neno antena. Mbinu yake hutuma alama mbili (vipande vya data) kwa antena mbili katika vipindi viwili, na kipindi cha pili zinabadilishana antena zikiwa konjugeti (sehemu ya kudhania ya namba imegeuzwa ishara), na moja imegeuzwa kuwa hasi. Faida ni uimara pale mawimbi yanapofifia. Kasi haiongezeki, ni alama moja kwa kipindi vilevile, na mtumaji hajui lolote kuhusu chaneli. Dai likitaka mikondo tofauti kwa wakati mmoja, au marekebisho yanayotokana na mrejesho, Alamouti hakusaidii.

Foschini (1996), kazi ya Bell Labs iliyozaa mfumo wa antena nyingi uitwao BLAST, ana mikondo mingi kwa wakati mmoja katika masafa yaleyale, lakini naye anamchukulia mtumaji kuwa haijui chaneli. Hataza 5,345,599 ya Paulraj na Kailath, ya Septemba 1994, inagawa ishara ya kasi kubwa kuwa vijito vya kasi ndogo, vinarushwa kutoka sehemu tofauti, na mpokeaji mwenye antena nyingi anavitenganisha. Inafaa sana kwa madai mapana. Dai likitaja OFDM (kugawa data kwenye masafa madogo mengi), itahitaji mwenza. Raleigh na Cioffi (jarida la IEEE, Machi 1998) ndio wa kuwatazama mtumaji akiwa anaijua chaneli: wanaichambua matrisi ya chaneli (jedwali la namba zinazoieleza) na kutuma kwenye njia zake huru, toni kwa toni, yaani kila masafa madogo peke yake.

Kuunganisha makala mbili ili kuonyesha dai ni dhahiri ndipo maombi mengi hufia. Haitoshi kusema zote ni za MIMO. Tuseme mnamuunganisha Foschini na makala ya mrejesho. Mwenye hataza atasema mrejesho unakula muda wa hewani na unachakaa haraka, hivyo hakuna fundi ambaye angeuongeza. Jibuni kwa hesabu. Matrisi ya 2×2 ina namba changamano 4, yaani namba halisi 8. Kwa biti 8 kila moja ni biti 64 kwa kila kimbebaji kidogo (yale masafa madogo). Vimbebaji 52 vya 802.11a, kiwango cha zamani cha waifai, ni biti 3,328. Kwa kasi ya chini kabisa ya 6 Mb/s hiyo ni takriban milisekunde 0.55, wakati ndani ya ofisi, mtu akitembea, chaneli hubaki karibu ilivyo kwa makumi ya milisekunde. Mtaalamu wenu aandike hivyo kwenye kiapo chake, pamoja na chanzo cha kila namba. Akirudia tu sentensi za ombi neno kwa neno, bodi humpa uzito mdogo mno.

Halafu uthibitisho kwamba chapisho lilifikika na umma. Tarehe iliyochapwa kwenye jalada la jarida siyo tarehe ya kufika maktabani. Tafuteni muhuri wa maktaba na kiapo cha mkutubi. Hati za kamati ya 802.11, inayotunga viwango vya waifai, zina matoleo, r0, r1, r2, na kilichomo r3 huenda hakikuwemo r0, kwa hiyo tarehe ni ya toleo mnalolinukuu. Hati za 3GPP, kundi la viwango vya simu za mkononi, zinahitaji muda wa faili kwenye seva, barua pepe ya kuitangaza kwa wajumbe, na shahidi anayejua utaratibu wa kundi hilo. Katika Samsung dhidi ya Infobridge (2019) mahakama ya rufaa ilisema si lazima kuonyesha kuna mtu aliyeipata hati. Swali ni kama mtu wa fani, akitafuta kwa bidii ya kawaida, angeipata. Mwaka mmoja kabla, katika kesi ya Acceleration Bay, ripoti iliyokuwa kwenye tovuti ya chuo kikuu ilianguka kwa sababu utafutaji wa tovuti ile ulikuwa mbovu.

Ombi lina kikomo cha maneno 14,000, majedwali ya kulinganisha dai na makala yamo. Ada za ofisi pekee zinapita dola 50,000 kwa madai yasiyozidi 20. Uamuzi wa kulipokea huja takriban miezi 6 baada ya kuwasilisha, na hukumu mwaka 1 baadaye.

Hukumu ikitoka, kile ambacho mngeweza kukileta kwa juhudi za kawaida hamkukileta hamwezi kukitumia mahakamani dhidi ya madai yaleyale. Apple na Broadcom walikutana na hilo katika kesi ya Caltech mwaka 2022, juu ya hataza za usimbaji wa waifai. Kwa hiyo makala 38 mtakazoziacha, zihesabuni zimekufa. Ile ruta ya mezani inaweza kuwa hai: katika Ingenico dhidi ya IOENGINE, Mei 2025, mahakama ya rufaa ilisema kizuizi hicho hakigusi hoja zinazosimama juu ya kifaa chenyewe.

Angalieni pia umri wa hataza. Tangu Juni 2025, iliyokaa zaidi ya miaka 6 inaweza kuokolewa na mapitio haya kwa hoja kwamba mwenye hataza ameshajenga matarajio juu yake. Hali ikiwa hiyo, fikirieni uchunguzi upya wa upande mmoja, ambapo ofisi huichunguza hataza tena. Hauna kizuizi kile, ingawa mkishawasilisha kwa kawaida hamna tena sauti ndani yake.

Muulizeni pia muuzaji wa chipu, maana huenda tayari ana ombi nusu limeandikwa. Ila kama yeye alishashtakiwa mapema kwa hataza hiyohiyo na mna uhusiano wa karibu kisheria, saa yake inaweza kuhesabiwa kuwa yenu.

Weka hapa namba ya hataza, dai lililotajwa kwenye mashtaka, na maneno yaliyoongezwa katika jibu la mwisho kwa mkaguzi, tuone zipi kati ya zile 40 zibaki.