Nyanya zilizoniaibisha mbele ya shemeji

Juzi msomaji mmoja aliniandikia: miche yake ya nyanya imelala chini yote kwa usiku mmoja, sasa anataka kung'oa kila kitu apande maua. Pole, dada. Yamenikuta.

Mwaka wangu wa kwanza kitalu kizima kilikwenda na kinyausi, ugonjwa wa miche michanga. Jioni miche imesimama, asubuhi imekatika shingo usawa wa udongo. Nilikuwa nimezibananisha mbegu, nikamwagilia asubuhi na jioni kama anayenywesha ng'ombe. Kumbe vimelea vya kinyausi hupenda hayo hayo: udongo usiokauka na miche isiyopitiwa na hewa.

Nikaotesha tena. Safari hii nikatia samadi mbichi, ikaunguza mizizi.

Mara ya tatu nilifika hadi kwenye matunda. Makubwa, yanawaka! Nikampigia simu shemeji yangu aje aone. Akaligeuza moja: kitako cheusi, kimebonyea. La pili, vilevile. Akacheka. "Si ungenunua tu?" Neno lile linanichoma hadi leo, na sidhani kama yeye analikumbuka.

Baadaye ndipo nikajua kwamba kuoza kitako si ugonjwa wa kuambukiza. Tunda limekosa kalsiamu, na mara nyingi kalsiamu yenyewe imo udongoni tele. Haifiki tu kwenye tunda, kwa kuwa leo unafurikisha maji, kisha siku nne unasahau. (Msahaulifu ni mimi.) Nikatandaza majani makavu shinani, nikamwagilia kwa kiasi, bila kuruka siku. Matunda yaliyofuata yalitoka safi.

Kwa hiyo dada, usipande maua kwa hasira. Panda mchicha. Ndani ya wiki umeshachomoza, na baada ya wiki nne hivi unachuma; roho ikitulia, rudia nyanya. Na maji kwa kiasi, nasema tena, kwa kiasi! Watu mnakimbilia dawa kabla hamjatia hata kidole udongoni mkajua kama umelowa. Bustani haitaki pupa. Wala haitaki mtu wa kujionyesha, na hapo najisema mwenyewe.

Msimu huu sikumwita mtu. La kwanza kuiva nililila palepale tutani, likiwa bado na joto la jua, maji yakinichuruzika hadi kwenye kiwiko. Yaliyofuata nikampelekea shemeji, kapu zima. Nimeyapanga vitako juu.