Tukapime damu kabla ya nikaha au tunyamaze?

SUALI: Asalamu alaykum Shangazi. Mie wa Wete, nshaposwa na mtoto wa ami yangu, harusi Mfunguo Mosi inshaallah. Mdogo wake alifariki ana miaka 6, alikuwa akilia mifupa usiku kucha na macho yana manjano, wakubwa wakasema jicho la jirani na mpaka leo nyumba mbili zile hawaamkiani. Juzi redioni wanaeleza selimundu, yaani siko seli, maradhi ya damu ya kurithi, nikaona mbona ndo yaleyale, nataka tukapime sote wawili lakini mama ananambia niache kuchokoachokoa. Nifanyeje?

JAWABU: Waalaykum salaam mwanangu. Kapimeni, tena wiki hii, musingoje kadi zichapwe.

Kilichomuua yule mtoto siwezi kukijua, ila ikiwa ni selimundu basi baba na mama yake wote wawili wanaibeba, na baba yake na baba yako ni ndugu. Anaeibeba tu kwa kawaida haumwi, ndo mana hatujuani. Wakioana wawili wanaoibeba, kila mimba ina robo ya kutoka mtoto mgonjwa, kila mimba nasema, sio kwamba akiumwa wa kwanza basi watatu wa nyuma wamesalimika. Akiwa mmoja wenu hana kabisa, hamzai mgonjwa wa siko seli, na huko kukesha kwako kumekwisha. Mukifika muombe kipimo cha selimundu chenyewe, sio kundi la damu, watu huchanganya wakarudi na "O" yao wakajiona salama.

Nimempakata mtoto wa maradhi haya mie, wa jamaa yangu, hajatimiza mwaka, vidole vimevimba vinang'aa, mama yake anamkanda mafuta ya nazi akidhani kaanguka kitandani na kila akimkanda ndo analia zaidi. Miezi ikapita hivyohivyo na dawa za kumsaidia zipo, wallahi nikikumbuka roho inaniuma.

Mama yako anaogopa, usimgombeze. Kaa nae baada ya magharibi umwambie kupima hakupingi kadari, na jawabu likija zito bado munaamua nyinyi, wapo wanaooana wakijua wakajipanga, wapo wanaoachana kwa kheri kabla mahari hayajatoka.

Na yule jirani jamani. Ikiwa ni damu basi hakuwa yeye, na itabidi mtu wa nyumba ya ami yako avuke ua akapige hodi. Mie nahisi hilo ndo linalowatia uzito wakubwa kuliko hiyo sindano.