Jibu: Tiketi ya mwezi na kazi ya nyumbani

Salaam ndugu. Umeuliza kama bado inafaa kukata tiketi ya mwezi kutoka Reading hadi London Paddington, ilhali ofisi sasa inakuhitaji Jumanne na Jumatano tu. Kwanza hesabu siku unazosafiri kweli ndani ya siku 28. Zikiwa nane, tazama Flexi Season, yaani tiketi ya pasi nane za siku moja moja za kutumia ndani ya siku 28, iliyoletwa Uingereza Juni 2021 baada ya wengi kuhamia kazi za nyumbani. Hutaji tarehe mapema: nagusisha kadi getini asubuhi, pasi moja inapungua. Nilipougua wiki nzima, mbili zilipotea, kwa sababu siku 28 zikiisha hazirudi. Mkuu wako akikubali ufike saa nne, linganisha pia na nauli ya nje ya saa za msongamano.