Hakimu amekataa kura zikaguliwe: je, nikate rufaa sasa?

SWALI: Mimi ni mpiga kura katika Kaunti ya Kilifi, na ndimi mlalamishi katika kesi ya kupinga ushindi wa mwakilishi wa wadi yetu. Kabla ya mashahidi kusikizwa tuliomba masanduku ya vituo sita yafunguliwe na kura zikaguliwe, lakini hakimu alikataa akisema ombi limeletwa mapema. Wakili wangu anashauri tungoje hukumu, nami nahofia siku 30 za kukata rufaa zitanipita. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, wakili wako amekushauri vyema, ingawa naelewa jinsi inavyouma kunyimwa kile unachoamini kuwa ndicho kiini cha kesi yako. Kifungu cha 75 cha Sheria ya Uchaguzi ya 2011 kinaruhusu rufaa kwenda Mahakama Kuu dhidi ya uamuzi wa hakimu kuhusu uhalali wa uchaguzi wa mwakilishi wadi, na siku 30 unazozihofia huhesabiwa tangu siku uamuzi huo utakapotolewa. Kuhusu maombi yanayozuka kesi ikiendelea, kifungu cha 80 kinaagiza yasikizwe na kuamuliwa na mahakama ya uchaguzi yenyewe, na mahakama za juu zimekuwa zikikataa rufaa zinazoletwa katikati ya kesi.

Sababu yake ni muda. Hakimu ana miezi sita tu, tangu kesi ilipowasilishwa, kuisikiza na kuiamua, na kama kila uamuzi mdogo ungepelekwa Mahakama Kuu, miezi hiyo ingekwisha kabla shahidi wa kwanza hajaapishwa. Wanaokumbuka kesi za kabla ya Katiba ya 2010, ambazo baadhi yake zilikokotwa hadi muhula ukakaribia kwisha, hawawezi kuliona sharti hili kuwa ukatili.

Mambo yangekuwa tofauti iwapo uamuzi huo wa awali ungeizima kesi yenyewe, kwa mfano kwa kuitupilia mbali kwa sababu dhamana ya gharama ya shilingi 100,000, yaani fedha ambazo mlalamishi huweka mahakamani kwa ajili ya gharama za kesi, haikuwekwa. Huo ungekuwa mwisho wa shauri mbele ya hakimu, na siku 30 zingeanza kuhesabiwa papo hapo.

Kwako wewe, kukataliwa huku kunaweza kuwa mojawapo ya sababu za rufaa ukishindwa katika hukumu, ila ukumbuke kwamba Mahakama Kuu itasikiza masuala ya sheria pekee. Ukienda huko na kusema tu kwamba kura zilihesabiwa vibaya, hutafika mbali. Itakubidi uonyeshe kwamba hakimu aliifasiri sheria visivyo, au kwamba alifikia uamuzi usioungwa mkono na ushahidi uliokuwa mbele yake. Katika kesi ya ugavana wa Meru iliyoamuliwa mwaka 2014, kati ya Munya na Kithinji, Mahakama ya Juu ilieleza mipaka hiyo, na ikasema pia kwamba anayetaka ukaguzi wa kura sharti aweke msingi wake katika malalamiko na ushahidi, akivitaja vituo anavyovilenga. Kwa hiyo hakikisha sasa kwamba ombi lenu, hoja zenu na sababu za hakimu zimo katika kumbukumbu za mahakama, na uombe nakala iliyoidhinishwa ya uamuzi huo.

Lakini jambo ambalo ningelitilia mkazo kuliko rufaa ni neno “mapema” alilolitumia hakimu. Kifungu cha 82 kinaipa mahakama uwezo wa kuagiza ukaguzi wakati kesi ikisikizwa, iwe kwa ombi la upande wowote au kwa hiari yake. Mashahidi wenu wakionyesha, kituo baada ya kituo, tofauti zilizomo katika Fomu 36A, yaani fomu ya matokeo ya kituo katika uchaguzi wa mwakilishi wadi, wakili wako anaweza kurudi na ombi lile lile likiwa sasa lina msingi, mradi afanye hivyo kabla ya kesi kuamuliwa.