Maswali yenu: pitcha anayerusha mpira na pitcha inayokula nzi

Juzi niliandika mstari mmoja tu, kwamba Waingereza neno pitcha (pitcher) wanalitumia kwa jagi, kwa mchezaji wa besiboli anayemrushia mpigaji mpira, na kwa mmea unaokula wadudu. Basi mkanivamia. Haya tujibu (na aliyedhani nasema PICHA, pole ndugu).

Pitcha wa besiboli si ndo kama bowla wa kriketi tu?

Hapana aisee. Bowla anakimbia kwanza, mkono anaunyoosha, na mpira mara nyingi unadunda chini. Pitcha anasimama kwenye kichuguu, mkono anaukunja atakavyo na mpira unaenda hewani moja kwa moja, mita 18.44 mpaka kwa mpigaji. Wakali wanapitisha kilomita 160 kwa saa, maana yake mpigaji hana hata nusu sekunde ya kuamua, na Aroldis Chapman mwaka 2010 alirusha mmoja ukasoma kama 170. Ila mbio peke yake wanazizoea, ndo maana pitcha mjanja anarusha ule wa taratibu kwa mkono uleule, sura ileile, jamaa anapiga hewa mpira haujafika. Mimi hiyo ndo naipenda kuliko kasi.

Niko Minnesota, mwanangu wa miaka 11 ni pitcha, kocha kamtoa wakati wanaongoza eti karusha mara 85. Ni haki kweli?

Haki kabisa mama, tena mshukuru. Kwenye Little League, ligi ya besiboli ya watoto, mtoto wa miaka 11 au 12 mwisho wake kwa siku ni 85, na akipitisha 65 anapumzika siku nne kabla ya kurusha tena. Shida ni kiwiko, kuna kano ya ndani pale inavutwa kila akirusha mpaka siku moja inakatika. Pitcha mmoja, Tommy John, ilimkuta mwaka 1974, daktari Frank Jobe akachukua kano ya mkono wa kulia akaipandikiza kiwiko cha kushoto, jamaa akarudi uwanjani 1976 akacheza mpaka 1989. Oparesheni inaitwa kwa jina lake hadi leo. Ila yeye alikuwa mtu mzima wa miaka 31, wako ana 11.

Huku kwetu kuna wanaocheza?

Uganda wamo haswa. Watoto wa Lugazi mwaka 2012 walifika mashindano ya dunia ya Little League kule Williamsport, Pennsylvania, timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza pale, na mechi moja wakashinda.

Na huo mmea wa pitcha, nikiingiza kidole utanibana?

Haukubani, wala haujongei. Unaouwaza ni ule mwingine wenye majani kama mtego wa panya. Huu ni jani lililojikunja likawa kikombe, mdomoni kuna utamu, ukingo unateleza kama sakafu yenye sabuni, nzi anakuja kulamba anaporomoka ndani kwenye majimaji, kupanda hawezi, anayeyushwa taratibu. Kale kamfuniko hakafungi kitu, kazi yake ni kuzuia mvua isiingie sana. Na haufanyi kwa roho mbaya, udongo wake hauna naitrojeni ya kutosha kwahiyo inabidi itafutwe kwingine.

Nasikia unakula panya?

Imetokea. Mkubwa wao, Nepenthes rajah wa mlima Kinabalu huko Borneo, kikombe chake kinaweza kubeba zaidi ya lita tatu na panya wamekutwa wamezama humo. Lakini chenye kuchekesha ni ndugu yake, Nepenthes lowii, huyo kuna kijinyama kama kindi kinapanda juu kulamba utamu wa kwenye mfuniko, na huku kinalamba kinajisaidia humohumo ndani. Mmea unashiba mavi. Yaani ni choo chenye peremende.

Bongo upo?

Porini hapana, bara zima la Afrika hauoti wenyewe, wa karibu wako Madagaska na Shelisheli. Ila mimea mingine inayokula wadudu tunayo, mfano Drosera, ule wenye vinywele vya ulimbo, unaota sehemu chepechepe.

Nimenunua mmoja, naupa mbolea na maji ya kisima, mbona vikombe vinakauka?

Si umejijibu? Mbolea acha, maji ya kisima yana chumvichumvi, kinga ya mvua. Na nyama ya kusaga usiutilie, itaoza humo utajuta kwa harufu.