Jibu: Chini ya barafu ya Antaktika kuna uhai?

Ndugu, umeuliza kama ziwa lililofunikwa na barafu mwaka mzima kule Antaktika linaweza kuwa na uhai. Ndiyo, upo! Chukua Ziwa Vanda: juu kuna barafu ya mita 3 hivi au zaidi, lakini maji ya chini kabisa hufikia nyuzi 23 za Selsiasi. Chumvi huyafanya mazito, hayapandi juu, basi joto la jua linalopenya barafu hunaswa humo. Hilo lilinishangaza kuliko yote. Kwenye sakafu inayofikiwa na mwanga hutanda utando wa sainobakteria (bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua), jamaa wa hao wanaoliwa na flamingo wetu hapa Nakuru. Ila chumvi si ileile: yetu ni magadi, ya Vanda zaidi ni kloridi ya kalsiamu.